Deki Isiyojua Mipaka

Kitu alichokinunua mtu kwa fedha yake ya halali ni chake. Kanuni hiyo huijua hata mtoto wa miaka sita katika soko la Tukuyu bila ya kufundishwa na mtu. Mama akiuza mkungu wa ndizi hamwandami mnunuzi mpaka nyumbani kwake kumwambia kuwa ndizi zile zipikwe Kiwira tu, na kwamba zikifika Mbeya ziwe chungu. Akifanya hivyo watu watamcheka, na kesho hawatanunua kwake. Walakini wako wafanya biashara wakubwa duniani ambao wamefanya jambo hilo hilo kwa zaidi ya robo karne, wala hawakuchekwa vya kutosha. Wameuza picha za sinema katika diski, wakapokea fedha, kisha wakaitia diski kufuli ili isionekane ila katika sehemu ya dunia waliyoichagua wao.

Katika makala haya nataka kuuliza kama mtu wa Rungwe anapaswa kuliheshimu kufuli hilo, au anapaswa kununua deki isiyolijali. Jibu langu nalitoa mapema, ili msomaji asiwe na shaka juu ya upande niliosimama. Shule, chuo na maktaba zinunue. Mtu binafsi ahesabu diski zake kwanza, kisha aamue. Na yeyote atakayenunua asikubali kuambiwa kuwa ametenda dhambi.

Swali hili halikuzuka hewani. Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari wilayani Rungwe, ambaye zamani nilimfundisha, aliniandikia kunieleza yaliyomfika. Alikuwa akisomesha fasihi, na alitaka wanafunzi wake waijue Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa mwaka 1969, si kwa kuisoma tu bali kwa kuiona ikichezwa. Alikuwa na haki. Tamthilia haiandikwi isomwe kimya kimya. Huandikwa isemwe kwa vinywa na ionekane kwa macho. Mjomba wake aliyekuwa Marekani alimletea diski ya picha ya mwaka 1953 iliyoongozwa na Joseph L. Mankiewicz, ambamo Marlon Brando alicheza nafasi ya Antony. Diski ilinunuliwa dukani, ikalipiwa, ikatolewa pamoja na stakabadhi yake. Jumamosi moja alasiri, mvua ya Tukuyu ikigonga mabati kama ilivyo desturi yake, wanafunzi walikusanyika katika bwalo. Mwalimu aliitia diski katika deki ya shule. Deki iliizungusha, ikanyamaza, kisha ikaandika katika kioo kuwa diski ile si ya kanda yake. Wanafunzi walitawanyika mvuani.

Katika kikao cha walimu kilichofuata yalitolewa mashauri matatu. Wa kwanza alisema, "Mwalimu, unajisumbua bure. Nenda stendi ukanunue nakala. Zile hazikataliwi na deki yoyote." Wa pili alisema, "Tununue deki isiyo na mipaka." Wa tatu alisema, "Zama za diski zimekwisha. Siku hizi kila kitu kimo katika simu." Mwalimu yule aliandika, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisaidie. Lipi katika haya matatu nilishike?"

Shauri la kwanza ndilo lililoniuma zaidi, kwa kuwa ndilo nililolifuata mimi mwenyewe katika siku za ujana wangu. Nakiri kosa langu. Nilinunua nakala za wizi kwa sababu zilikuwa rahisi, zilikuwa karibu, na zilifunguka. Sikumfikiria mtunzi wala mchezaji. Nilipopata umri wa kufikiri, na nilipokuwa na kitabu changu mwenyewe kikipigwa chapa kwa siri vibandani, ndipo nilipojua uchungu wa mtu anayelima mwenziwe akavuna. Kwa hiyo sizungumzi hapa kama mtu asiyejua kishawishi cha stendi. Nazungumza kama mtu aliyekwisha kuanguka katika kishawishi hicho, na ambaye hapendi kumwona mwalimu mwaminifu akisukumwa humo kwa nguvu.

Na tuitazame kwanza ramani yenyewe. Diski hizi, ambazo watu wengi kwetu huziita CD tu hata zikiwa za picha, zilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1996, na Marekani mwaka 1997. Kabla hazijaenea sokoni, makampuni makubwa ya sinema yalitaka sharti moja litimizwe: dunia igawanywe. Ikagawanywa. Marekani na Kanada zikawa kanda ya 1. Ulaya Magharibi, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini zikawa kanda ya 2. Asia ya Kusini Mashariki, Korea Kusini na Taiwan zikawa kanda ya 3. Australia, New Zealand na Amerika ya Kusini zikawa kanda ya 4. China ikapewa kanda ya 6 peke yake. Kanda ya 7 ikawekwa akiba, na ya 8 ikaachiwa ndege na meli zinazokwenda baina ya mataifa. Sisi tulitiwa katika kanda ya 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, Urusi, India, Pakistani, Mongolia na Korea Kaskazini.

Lugha yetu hapa imefanya mzaha bila ya kukusudia. Neno kanda kwetu lilikuwa jina la utepe wa kunasia sauti na picha. Na neno hilo hilo ni wingi wa ukanda, yaani sehemu ya nchi. Kanda ya kwanza, ile ya utepe, ilituletea picha. Kanda ya pili, ile ya ramani, inatuzuia tusizione.

Nani atanieleza sababu ya kumweka mtu wa Tukuyu kikundi kimoja na mtu wa Ulaanbaatar, na kumtenga na mtu wa Johannesburg? Si lugha, si hali ya hewa, si dini, si ujirani. Mswahili aliyeko Muscat yuko katika kanda ya 2. Nduguye wa baba mmoja aliyeko Unguja yuko katika kanda ya 5. Akimpelekea zawadi ya diski iliyofungwa, zawadi haifunguki. Sababu ni moja tu, nayo ni soko. Watu walioichora ramani ile walitazama mifuko, wakawapanga wanadamu kwa kadiri walivyotarajia kuwauzia, lini, na kwa bei gani. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Watu wa Rungwe hawahitaji kufundishwa ubaya wa ramani iliyochorwa na watu wasiokuwapo. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko Ulaya kuwa Mto Songwe uwe mpaka wa milki zao. Wanyakyusa wakabaki upande huu, na ndugu zao Wangonde wakabaki upande wa pili, ingawa nasaba zao na lugha zao zimekaribiana kama vidole vya mkono mmoja. Tukuyu yenyewe ikaitwa Neu Langenburg, jina lisilokuwa na maana kwa mtu yeyote aliyezaliwa chini ya Mlima Rungwe. Hata hivyo, mpaka wa Songwe una lango pale Kasumulu. Mtu huonyesha hati yake, huulizwa maswali yake, akavuka kwenda kumzika shangazi yake au kuuza mchele wake. Mpaka wa diski hauna lango, wala hauna afisa wa kuombwa.

Wala hii si mara ya kwanza kwa wengine kuamua tutazame nini. Baina ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na majaribio ya sinema za kufundishia Waafrika, yaliyokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha zilipigwa, zikatembezwa kwa lori, na Waafrika wakaonyeshwa yale ambayo wakubwa waliona yanawafaa. Katika miaka ya 1950 zilipigwa picha nyingine za Kiswahili, kama Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, ambayo alicheza Rashidi Kawawa kabla ya kuwa kiongozi wa nchi. Fikiri, ewe msomaji, juu ya jambo hili. Kama kesho picha hiyo itatolewa upya katika diski mjini Johannesburg au London, nayo ikatiwa kufuli la huko, itakuwa ya kanda ya 2. Mzee wa Masoko aliyekijua Kiswahili kile kwa masikio yake ataambiwa na deki kuwa picha ya Waziri Mkuu wake wa zamani haikukusudiwa kwa ajili yake.

Sasa nieleze kufuli lenyewe, kwa kuwa watu wengi hulidhani ni ufundi wa ajabu. Katika kila diski iliyofungwa mna alama ndogo inayotaja kanda zilizoruhusiwa, na katika kila deki mna namba ya kanda yake. Deki huisoma alama, huilinganisha na namba yake, na zisipopatana hukataa. Kinacholazimisha utii huo si umeme, ni mkataba. Picha za diski zimefumbwa kwa siri, na mtengenezaji wa deki hapewi ruhusa ya kuifumbua siri hiyo ila akubali kwanza kuzitii kanda. Maana yake ni kuwa deki ya kanda ya 5 haishindwi kuisoma diski ya kanda ya 1. Inaweza, lakini imekatazwa. Deki isiyo na mipaka, basi, haina kiungo cha ziada kilichoongezwa. Imeondolewa katazo tu.

Wako watakaonijibu, nao nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni mtetezi wa makampuni. Atasema kuwa picha huonyeshwa kwanza katika majumba ya sinema, nchi moja mapema na nyingine baadaye, na kwamba kufuli lilihitajika ili diski ya Marekani isiliharibie biashara jumba la sinema la nchi ambayo picha haijafika. Hoja hii ina akili mahali penye jumba la sinema. Lakini hapa Tukuyu ni jumba gani lililokuwa likingojea? Watu wa wilaya hii waliziona picha katika vibanda vya video, wamekaa juu ya mabenchi ya mbao, na mfasiri akiwasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wachezaji. Tena kufuli lilitiwa hata katika picha za kale. Picha ya mwaka 1953 ilikwisha kumaliza safari yake katika majumba ya sinema kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Kufuli lililotiwa ndani yake linalinda onyesho gani? Na zaidi ya hayo, mwenye duka akiufunga mlango wa mbele, sharti afungue wa nyuma. Makampuni yalitupa namba 5, lakini hayakutuletea diski za namba 5. Tafuta katika maduka ya Tukuyu diski ya halali ya picha ya Juliasi Kaizari yenye namba yetu. Utatafuta mpaka miguu ichoke.

Wa pili ni mtetezi wa sheria. Huyu namheshimu zaidi, kwa kuwa anaogopa wizi, nami nauogopa. Atasema kuwa kuvunja kufuli ni kuvunja kufuli, na kwamba anayelipuuza kufuli la kanda leo atanakili kesho. Namjibu kuwa amechanganya vitendo viwili. Kunakili kazi ya mtu na kuiuza ni wizi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko kwa ajili hiyo. Kutazama kitu ulichokilipia ni kutumia mali yako. Mahakama za nchi nyingine zimekwisha kukutana na mambo yaliyo jirani na haya. Nchini Norway kijana Jon Lech Johansen alishitakiwa kwa kuhusika na programu ya kufumbua siri ya diski. Mwaka 2003 aliachiwa huru, na katika rufaa ya mwaka huo huo akaachiwa tena, kwa kuwa diski alizozifungua zilikuwa zake kwa halali. Nchini Australia mwaka 2005 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua dhidi ya kampuni ya Sony katika shauri la kifaa kilichowezesha mashine za michezo kukubali diski za nchi nyingine. Sisemi kuwa hukumu hizo ni sheria kwetu. Kila nchi ina sheria zake. Nasema tu kuwa watu wenye elimu ya sheria na wasio na sababu ya kutupendelea waliona tofauti baina ya kuiba na kutazama.

Na mtetezi wa sheria atazame matokeo. Kufuli la kanda linamzuia nani? Mwizi halimzuii. Yeye huifumbua diski mara moja, akatoa nakala elfu zisizo na kufuli, na zote hufunguka katika kila deki. Linamzuia mwalimu mwenye stakabadhi mfukoni. Yaani tumepata mlinzi anayemwachia jambazi apite, kisha anampekua mwenye nyumba. Mtu mwaminifu akikataliwa mlangoni mara tatu, na akiona jirani yake mwizi anaingia akicheka, unadhani atabaki mwaminifu kwa muda gani? Makampuni yanalalamika kuwa Waafrika hununua nakala za wizi. Hayasemi kuwa yenyewe yamefanya nakala ya wizi kuwa diski pekee inayofanya kazi.

Tusisahau wachezaji wetu wenyewe. Sinema za Kiswahili zilipopata nguvu katika miaka ya 2000, zilienea kwa diski, na msiba wa Steven Kanumba mwezi Aprili mwaka 2012 ulionyesha jinsi kazi zake zilivyoingia katika nyumba za watu. Mwaka 2013 Serikali ilianza kutaka stempu za kodi katika kazi za filamu na muziki. Hiyo ni hatua ya kumlinda msanii, na mimi naiunga mkono. Lakini angalia kuwa stempu na kufuli la kanda ni vitu viwili vilivyo mbali. Stempu inasema: kazi hii ni halali, inunue. Kufuli la kanda linasema: kazi hii ni halali, umeinunua, na hata hivyo huwezi kuitazama. Kwaya za Rungwe zinazorekodi nyimbo zao zikauza diski baada ya ibada hazitii kanda ndani ya diski zao. Zinataka zisikiwe Mwakaleli, zisikiwe Karonga, zisikiwe na kila anayezipenda. Katika jambo hili mwimbaji wa kwaya ana busara kuliko tajiri wa Hollywood.

Wa tatu ni kijana wa simu. Atasema kuwa nagombania maiti, maana diski imekwisha kufa. Nakubali kuwa inaumwa. Hata kampuni ya Netflix, ambayo ilianza kwa kukodisha diski kwa njia ya posta, iliacha kazi hiyo mwezi Septemba mwaka 2023. Lakini namwuliza kijana: ramani imekufa pamoja na diski? Netflix hiyo hiyo ilifungua huduma yake katika nchi zaidi ya 130 mwezi Januari mwaka 2016, na yetu ikiwa miongoni mwao. Na mpaka leo orodha ya picha za nchi moja si ile ya nchi nyingine. Maandishi yanayosema kuwa picha haipatikani mahali ulipo ni mjukuu wa kanda ya 5. Tofauti ni kuwa kufuli la diski mtu huweza kulinunulia deki, na la pili liko katika chumba cha mwenyewe mbali na mkono wako. Diski iliyo katika sanduku lako haiondolewi usiku na mtu aliyeghairi. Tena intaneti hununuliwa kwa kipimo, na picha ya saa mbili hula kipimo kikubwa. Shule yenye wanafunzi mia nne haiwezi kumwambia kila mmoja atazame Juliasi Kaizari kwa simu yake, ikiwa wengi wao hawana simu na waliobaki hawaruhusiwi kuja nayo.

Wa nne ndiye mwenye hoja nzito, nami nimemweka mwisho kwa heshima. Ni mzazi. Anauza majani mabichi ya chai kwa kilo, anauza ndizi na parachichi, na kila shilingi inayokwenda shuleni anaijua jina lake. Atauliza, "Mwalimu, kitabu kwanza au deki? Dawati kwanza au deki? Mvua ikinyesha miezi mingi ya mwaka, na paa linavuja, unaniambia habari ya kanda?" Mzazi huyu simpingi. Namwambia tu tuhesabu pamoja.

Kama nyumba yako ina diski za kwaya, za harusi ya binti yako, za mazishi ya mzee, na za sinema za Kiswahili, usinunue deki mpya kwa sababu ya makala haya. Diski hizo kwa kawaida hazina kufuli la kanda, na deki uliyo nayo inazitosha. Ukinunua, utakuwa umelipa fedha kufungua mlango usiofungwa. Kama una diski moja au mbili kutoka ng'ambo, usinunue bado. Jaribu kwanza tarakilishi, maana iko programu ya VLC, isiyouzwa, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Ufaransa, ambayo mara nyingi huzionyesha diski bila kujali kanda. Jihadhari tu kuwa visomeo vya diski katika tarakilishi, vilivyotengenezwa tangu mwaka 2000, huruhusu kubadili kanda mara tano tu, na mara ya tano hubaki hapo hapo daima. Lakini kama ni shule, chuo cha ualimu au maktaba, na diski za halali hufika kwa zawadi za ndugu, wageni na wahisani kutoka nchi mbalimbali, basi nunua bila kusita. Deki moja hudumu miaka, na kila zawadi itakayofika baada yake itakuwa na faida. Kuhifadhi kabatini diski kumi zisizofunguka ni hasara kubwa kuliko bei ya deki moja.

Tena ukinunua, nunua kwa akili, kwa kuwa rahisi huvunja upishi. Usiridhike na neno la mwuzaji wala na maandishi ya katoni. Nenda dukani na diski yako ya ng'ambo mkononi, itiwe, ionekane, ndipo utoe fedha. Deki nyingi za bei ndogo zitokazo China hazina mipaka tangu kiwandani, au hufunguliwa kwa kubonyeza namba fulani katika rimoti. Kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kubwa kwa ajili ya jambo ambalo halikumgharimu mtu. Hakikisha pia kuwa deki inajua mifumo yote miwili ya picha. Sisi hutumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Marekani na Japani hutumia NTSC, wenye mistari 525 na picha karibu 30. Deki iliyofunguliwa kanda lakini isiyojua NTSC itakuonyesha diski ya Marekani bila rangi au ikirukaruka. Uliza kama deki inaweza kuchagua namba ya kanda yenyewe, maana ziko diski za kanda ya 1, zilizoanza kutolewa karibu na mwaka 2000, ambazo huitambua deki iliyojifanya ya kanda zote na kuikataa. Usiagize deki ya Marekani iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 120 ukaichomeka katika umeme wetu wa volti 230; itakufa siku hiyo hiyo. Na usichanganye DVD na Blu-ray. Blu-ray zina ramani yao ya herufi A, B na C, na huko Afrika imewekwa katika B pamoja na Ulaya. Jambo hilo peke yake ni ushahidi wa maneno yangu. Nchi yetu haikusogea hata hatua moja, lakini wenye ramani walipotaka, tulihamishwa kutoka kando ya Mongolia mpaka kando ya Uingereza.

Hayo ndiyo niliyomjibu mwalimu wa Rungwe. Nilimwambia ashike shauri la pili kwa ajili ya shule, aliache la kwanza kwa ajili ya nafsi yake, na la tatu alipokee kwa hadhari. Nilimwambia pia kuwa jambo kubwa mbele ya kikao chake lilikuwa mfano ambao wanafunzi wangeuona. Wanafunzi wale waliona mwalimu wao akiwa na kitu cha halali, wakaona mashine ikimkatalia. Kama siku ya pili wangemwona amekuja na nakala ya stendi, wangejifunza somo ambalo hakuna mtihani ungeweza kulifuta, kwamba uaminifu ni mzigo wa wajinga. Akija na deki inayofungua kile alichokilipia, watajifunza kuwa mtu anaweza kumheshimu mtunzi wa kazi bila ya kumpigia magoti mwenye ramani.

Ziko halmashauri zetu, ziko shule, ziko maktaba, na ziko diski nyingi zilizolala makabatini zikisubiri. Mwenye kusimamia mahali kama hapo na atoe diski hizo leo, azitie katika deki moja moja, aandike zilizokataa. Orodha hiyo itamwambia kama deki isiyo na mipaka inafaa kununuliwa au haifai, kwa ukweli zaidi kuliko mimi.